Usimtupie mgonjwa mazoezi mlangoni: kwa mnaoanza ushauri nasaha

Wadogo zangu mlioanza fildi, nawapenda na mnanichosha. Nimewasikiliza mkiongea na wagonjwa wa sonona. Kikao kinakwenda vizuri, mnauliza usingizi, mnauliza hamu ya kula, mnasikiliza bila kukatiza. Kisha mgonjwa akishanyanyuka, ameshika kitasa, ndipo mnamtupia: "Na ujitahidi kufanya mazoezi." Sentensi hiyo haimsaidii, na wengine inawaumiza.

1. Mazoezi ni tiba, yapangwe kama tiba. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliwagawa watu 156 wenye sonona, wa miaka 50 na kuendelea: kundi moja mazoezi ya aerobiki, yaani ya kupandisha mapigo ya moyo, la pili sertraline, dawa ya sonona, la tatu vyote viwili. Baada ya wiki 16 nafuu ya makundi yote ilikaribiana. Lakini wale wa mazoezi hawakuambiwa "jitahidini". Walikutana mara tatu kwa wiki, kwa kundi, wakiwa na msimamizi. Hakuna kati yenu anayetoa vidonge bila kusema vingapi na saa ngapi.

2. Anza na kidogo kuliko unavyotamani. Hapa nitakaa.

Mwanafunzi mmoja, mwenye moyo mzuri kweli, alimpa mama wa Mikindani dozi ya kitabuni: nusu saa, mara tano kwa wiki. Ni kweli Shirika la Afya Duniani linataka dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki. Linawasemea watu wazima kwa jumla, na huyu kuoga tu kulikuwa kazi ya asubuhi nzima. Aliporudi, alama zake za PHQ-9, lile dodoso la maswali tisa la kupima sonona, zilikuwa zimepanda, yaani hali imezidi. Akaulizwa kama alitembea. Akainamisha kichwa. Kwenye faili ikaandikwa: "Mteja hana ushirikiano."

Niliomba nikae naye. Kumbe kila alfajiri alikuwa anavaa kandambili, anajitanda kanga, anafika kizingitini. Pale anawaza majirani watamwuliza anakwenda wapi mikono mitupu. Huku kwetu mama mtu mzima hutoka kwa sababu: sokoni, kisimani, msibani. Anarudi ndani, anajilaza, anajihesabia kosa jingine. "Hata kutembea kumenishinda, mwanangu." Mtu ambaye tayari anajiona hafai, tulimpa ushahidi mpya kila asubuhi, halafu tukauandika kwenye faili na kugonga muhuri. Bado inaniuma, na inaniuma zaidi nikikuta maneno yaleyale kwenye faili zenu.

Tulimwuliza ni wapi anaweza kwenda bila kuulizwa. Kwa dada yake, mtaa wa pili. Tukapanga aende siku mbili tu kwa wiki, saa kumi na moja jioni jua likipoa, na dada ajue anakuja. Lile wazo la kizingitini tukalifanya mada ya kikao kilichofuata: majirani walisema nini hasa? Mmoja aliuliza kweli. Mama akajibu, "Kwa dada." Ikaisha. Siku hiyo aliongea kuliko vikao vyote vya nyuma, na wazo lile tusingelipata kwenye dodoso lolote.

3. Atembee kwanza, muongee baadaye. Mwaka 2022 Jacob Meyer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa State walionyesha kuwa nusu saa ya baiskeli kwa mwendo wa wastani iliwapa watu wenye sonona nafuu iliyoendelea hadi dakika 75 baada ya zoezi. Walipounganisha na tiba ya mazungumzo walikuwa na watu 10 tu, kwa hiyo msiende kuwatangazia watu miujiza. Ila muda huo unatosha kikao kizima. Anayekuja na bodaboda ashuke mbali kidogo amalizie kwa miguu. Kasi ni ile ya kuweza kuongea lakini asiweze kuimba. Pima presha kwanza, na anayetumia dawa aendelee nazo.

4. Mkulima wa Tandahimba atakuuliza, "Nimepalilia mikorosho tangu alfajiri, nawe unaniambia mazoezi?" Ana haki ya kukucheka. Msibishane naye. Shambani mwili unafanya kazi huku deni linamzunguka kichwani. Muulize alikuwa anafanya nini kwa raha zamani. Mzee mmoja alifikiri sana, kisha akasema ngoma. Jamani, sindimba ikichezwa sawasawa huhitaji kumtafutia mtu mchakamchaka. Akaanza kwenda kuwafundisha vijana, na vikaoni akawa anasimulia nani kati yao ana kiuno kizito.

5. Swali la tisa la PHQ-9, lile la mawazo ya kufa au kujidhuru, likijibiwa chochote zaidi ya sifuri, habari za kutembea zinasubiri. Muulize waziwazi kuhusu kujiua, usimwache peke yake, mwite msimamizi papo hapo. Hata kama foleni imefika getini.

6. Ramadhani hamisheni zoezi liwe baada ya futari. Na korosho zikianza kudondoka wagonjwa wengi wanahamia mashambani na kliniki hamtawaona. Kabla hajaondoka, kubalianeni atatembea njia ipi huko na utampigia simu siku gani. Iandike tarehe hiyo kwenye faili, kisha mpigie kweli.