Mkutano wa saa nne asubuhi haumfikii muuza nyanya

Mhariri, wiki hii mmeuliza kifanywe nini ili katikati ya miji yetu midogo pachangamke tena, na kama kamati za maendeleo ya uchumi zina faida yoyote. Ninajibu nikiwa Webuye, magharibi mwa Kenya, mji ambao bado unapimwa kwa kiwanda cha karatasi kilichosimama mwaka 2009, na ambacho juhudi za kukifufua hazijakirudisha mahali pake pa zamani. Karibu kila kikao nilichohudhuria kuhusu uchumi wa mji kiliishia kuuliza kiwanda kitafunguliwa lini, ilhali malori na mabasi ya Malaba, mpakani na Uganda, yanapita mlangoni petu usiku na mchana bila kutuachia chochote.

Mimi ningeanza na giza. Ikifika saa moja jioni, mteja huinamia fungu la nyanya akiziangaza kwa simu yake, na mwenye kibanda, ambaye amelipa ushuru tangu asubuhi, huanza kufunga gunia akijua kwamba huyo ndiye wa mwisho. Mulika mwizi moja, yaani taa kubwa ya mlingoti, inayowaka kweli, pamoja na mtaro uliozibuliwa kabla ya mvua za Machi, zingemwongezea saa mbili za biashara kila siku. (Choo safi sikitaji kwa undani, aliyewahi kukitafuta sokoni anajua.)

Kamati sizidharau. Kifungu cha 184 cha Katiba kinataka wakaazi washiriki katika uendeshaji wa miji, na sheria ya miji ya mwaka 2011 ikaweka njia ya kufanya hivyo. Tatizo ni kwamba mkutano ukiitwa saa nne asubuhi siku ya soko, wanaofika ni wale wasio na biashara ya kuacha. Nusu ya viti viwe vya wanaolipa ushuru, vikao vifanyike jioni, na kila mwezi ubao wa sokoni uonyeshe kiasi kilichokusanywa na kilichotengenezwa kwacho.

Wenye nyumba nao waitwe, kwa maana vyumba kadhaa vya barabarani vimefungwa kwa kufuli zenye kutu huku wenyewe wakingojea kodi ya enzi za kiwanda. Kamati ingeweza kuwapatanisha na vijana mafundi kwa kodi nafuu ya miezi sita ya kwanza, mapatano yaandikwe, na nakala moja ibaki kwa katibu.

Msomaji, Webuye