Kutengua, Kubatilisha au Kufuta?

Msomaji wa Temeke, anayetafsiri kanuni za SACCOS yao kutoka Kiingereza, amekwama kwenye kitenzi "revoke", katika kifungu kinachoiruhusu bodi kumwondoa mweka hazina iliyemteua yenyewe. Yeye ameandika "kubatilisha uteuzi", mwenzake anashikilia "kutengua", na katibu anaona "kufuta" inatosha. Anauliza nani yuko sahihi, na neno hilo la Kiingereza limetoka wapi.

Limetoka katika Kilatini, "revocare", yaani kuita kitu kirudi. Waroma walilitumia hata kwa mwigizaji aliyeitwa arejee jukwaani kurudia kipande kilichowafurahisha watazamaji. Lilipitia Kifaransa cha kale, likaingia Kiingereza katika karne ya 14, na humo likatulia kwenye mambo ya sheria: aliyetoa amri, idhini au cheo ndiye anayekirudisha. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliifanyia hivyo Amri ya Nantes, ile iliyowapa Waprotestanti haki ya kuabudu, iliyotolewa na babu yake, Henri wa 4, mwaka 1598. Kwa miaka 87 amri hiyo ilikuwa sheria kamili. Kilichorudishwa kilikuwa halali hadi siku kiliporudishwa.

Ndiyo maana siafiki "kubatilisha" katika kifungu hiki. Batili, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni kitu kisicho na nguvu, na ndoa inayoitwa batili katika sheria huhesabiwa kuwa haikuwahi kuwapo. Mweka hazina akishika kazi Januari, akatia saini hundi kadhaa, kisha bodi ikaandika mwezi Machi kwamba uteuzi wake umebatilishwa, mwanachama mkorofi atasimama kwenye mkutano mkuu aulize kama hundi zile nazo ni halali, na swali lake litakuwa na mashiko.

Kutengua hakuleti mzozo huo. Ni kinyume cha kutengenea, kwa kiambishi kile kile kinachogeuza funga kuwa fungua na kunja kuwa kunjua. Anayeteleza kwenye ngazi ya daladala akatenguka kifundo cha mguu hakuvunjika mfupa. Kiungo kimehama mahali pake. Udhu nao hutenguka, lakini swala uliyokwisha kuisali nao haiharibiki. Uteuzi uliotenguliwa uko vivyo hivyo: ulisimama, ukafanya kazi, sasa umeondolewa. (Kutumbua, kulikovuma tangu mwisho wa 2015, tuwaachie vijiwe vya kahawa.)

Katibu naye hajakosea kabisa, kwani leseni hufutwa, uanachama hufutwa, na mshtakiwa anayekiuka masharti pale Kisutu hufutiwa dhamana. Hata "kubatilisha" kuna mahali kulikozoeleka: katika masuala ya ardhi maofisa wetu wamezoea kusema "ubatilisho wa milki", ingawa mwenye kiwanja alikimiliki kihalali kwa miaka mingi. Kwa mantiki niliyoieleza, utenguzi ungefaa zaidi, lakini istilahi iliyokwisha kuzoeleka kwenye ilani za serikali si ya kubadilishwa na mfasiri mmoja mmoja.

Kifungu chenyewe ningekiandika hivi: "Bodi inaweza, kwa taarifa ya maandishi, kutengua uteuzi wa mweka hazina, na utenguzi huo hautaathiri jambo lolote alilolifanya kihalali kabla ya tarehe ya taarifa." Sehemu hiyo ya pili huenda haimo katika Kiingereza chenu, kama haimo, ipelekeni kwanza kwenye bodi kabla ya kuichapa.