Vumbi bandani kipindi cha baridi

SWALI: Shikamoo daktari, nafuga kuku wa mayai huku Njombe, baridi ya Juni ilivoanza nikaziba banda lote kwa maturubai, sasa vumbi limejaa kila kona na kuku wanapiga chafya, nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Shida ni hapo kwenye kuziba kote ndugu yangu, vumbi la manyoya, chakula na kinyesi kikavu halina pa kutokea na amonia, ile gesi kali ya kinyesi, nayo inabaki humohumo. Turubai liishie chini usawa wa kuku, juu karibu na bati acha wazi ili hewa chafu ipande itoke bila upepo kuwapuliza. Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili baridi anaivumilia vizuri tu, hewa nzito ndo inamuumiza! Halafu kama umetandaza ule unga laini wa msumeno utoe, weka maranda makubwa, na ukifagia nyunyiza maji kidogo sana maana maranda yakilowa unakaribisha koksidia (vijidudu vya kuhara damu), na wewe vaa barakoa. Jiko la mkaa kwenye banda lililozibwa usithubutu kabisa, hewa yake inaua. Chafya zikiendelea, au uso ukivimba, muite afisa mifugo haraka, hayo yanaweza kuwa mafua ya kuku.