Re: Nitajuaje mji wetu mdogo hapa Kenya unaegemea upande gani kisiasa?

Ndugu, matokeo ya eneobunge zima hayakusaidii, kwa sababu vijiji vya pembeni vinaumeza mji. Chukua Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais za kila chumba cha kupigia kura, za kituo cha sokoni au shule ya pale mjini. Za 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliziweka mtandaoni. Jumlisha vyumba vyote vya kituo kimoja. Usilinganishe chumba na chumba: wapiga kura hugawanywa kwa herufi za majina, chumba kimoja kisizidi watu 700, si kwa mtaa. Kisha gawanya kura za kila mgombea kwa kura halali, si kwa waliosajiliwa.

Ukirudi 2017, tumia fomu za Agosti 8. Marudio ya uchaguzi wa urais ya Oktoba 26 upinzani uliyasusia, yatakudanganya kabisa. Na usifuate jina la chama: Jubilee ya 2017 ilikuwa ya Uhuru Kenyatta na William Ruto pamoja, lakini 2022 ilikuwa ndani ya Azimio, muungano wa Raila Odinga, Ruto akiwa katika chama kingine, UDA.

Angalia pia kura za MCA, mwakilishi wa wadi. Hapo ukoo na barabara mbovu huzidi chama, ndiyo maana wagombea huru hupenya. Halafu wenye maduka wengi husajiliwa kwao, kwa hiyo kelele za sokoni si kura.