Maswali ya Wasomaji: Kutoka Tasnifu hadi Makala

Swali: Nimemaliza shahada ya kwanza ya jiolojia. Nilipima ukinzani wa umeme wa ardhi katika vituo 14 karibu na Dodoma, kwa mpangilio wa Schlumberger (vigingi viwili vya nje hupitisha mkondo ardhini, viwili vya ndani hupima volti), kutafuta maji. Nilituma tasnifu nzima, kurasa 86, jarida likairudisha baada ya siku tatu. Nimekosea wapi? *Mhitimu, Dodoma*

Jibu: Umetuma kazi ya mtahini kwa mhariri. Mtahini anataka kuona unajua. Mhariri anataka kuona jambo jipya. Sura ya nadharia, ile inayoanza na sheria ya Ohm, iondoe yote. Baki na swali moja ambalo vituo 14 vinaweza kulijibu, kwa mfano: je, visima vinavyokauka viko pale ambapo mwamba uliooza ni mwembamba?

Neno "mwembamba" ndilo litakalokuletea taabu. Kwenye miamba ya Dodoma, grafu ya kawaida ya ukinzani, kadiri vigingi vya nje vinavyotanuliwa ili kupima chini zaidi, hushuka katikati kisha ikapanda: udongo mkavu juu, mwamba uliooza wenye maji katikati, itale ngumu chini. Tabaka la katikati lisipokuwa nene sana, vipimo vya juu ya ardhi haviuoni unene wake peke yake. Vinaona unene uliogawanywa kwa ukinzani. Mita 10 zenye ohm-mita 50 na mita 20 zenye ohm-mita 100 zote zinatoa 0.2, na grafu zake zinakaribia kulingana. Programu ya kutafsiri grafu itakuchagulia jibu moja, ikuandikie kosa la asilimia 2, nawe uandike "itale iko mita 23.4". Mhakiki anayeijua kazi atauliza hiyo nukta nne imetoka wapi.

Dawa ni kumbukumbu za uchimbaji. Tafuta kisima kimoja au viwili jirani na vituo vyako, funga unene kwenye programu kama mchimbaji alivyoukuta, uone ukinzani unatoka ngapi. Ukinzani huo ndio uutumie kwenye vituo visivyo na kisima, mradi mwamba ni ule ule. Ukikosa kumbukumbu, andika "kati ya mita 15 na 30" kama hesabu zako ndivyo zinavyoruhusu. Hakuna aibu.

Jedwali nalo liwe la vipimo ghafi: AB/2 (nusu ya umbali kati ya vigingi vya nje), MN (umbali kati ya vigingi vya ndani), mkondo, volti. Kwa AB/2 ya mita 100 na MN ya mita 20, kizidishio, yaani namba unayozidisha na volti zilizogawanywa kwa mkondo, ni takriban 1,555. Mkondo wa miliampia 50 na milivolti 10 vinakupa ohm-mita 311. Msomaji aweze kuirudia hesabu hiyo mwenyewe. Pale ulipopanua MN, onyesha vipimo vyote viwili vya AB/2 ile ile. Grafu ikiruka hapo, usiilainishe kimyakimya, eleza ulivyoirekebisha.

Kagua pia viwianishi. Katika UTM, mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda, Dodoma mjini ni kanda ya 36 Kusini, lakini ukiivuka longitudo 36 mashariki umeingia kanda ya 37. Ramani za zamani zimechorwa kwa Arc 1960, GPS yako huenda iko WGS 84; hiyo ni misingi miwili tofauti ya kupimia mahali. Ukizichanganya, kituo kinahama takriban mita 300. Hapo kisima ulichokitumia kusahihishia si jirani tena.

Kwa kazi ya ukubwa huu, anza na Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukipata kumbukumbu nzuri za visima, Journal of African Earth Sciences si ndoto. Near Surface Geophysics nisingelijaribu, kwa kuwa huna jipya katika mbinu yenyewe.

Swali: Jarida limeniandikia kwamba nikilipa watachapisha ndani ya siku 5. Nilipe? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Usilipe. Siku 5 hazitoshi hata kumpata mhakiki aliye tayari, sembuse asome.

Swali: Mashine niliazimwa na kampuni ya kuchimba visima. Mwenye kampuni awe mwandishi mwenza? *Mhitimu, Dodoma*

Jibu: Kuazima mashine ni jambo la kushukuriwa mwishoni mwa makala. Akishiriki kupanga vipimo au kuvitafsiri, akasoma rasimu na kukubali kuitetea, hapo anastahili jina. Ila kama zile kumbukumbu za visima ni zake, omba ruhusa ya maandishi kabla hujatuma. Ukishaipata, weka vipimo vyako Zenodo, hifadhi ya data ya kitafiti mtandaoni: ni bure, vinapewa DOI (namba ya kudumu ya utambulisho), na namba hiyo unaiandika ndani ya makala.