Spageti za mashine ya mkono: mashine yako si mbovu, unga wako una maji mengi

Dada, umeuliza kama uliuziwa mashine mbovu, kwa sababu shuka la unga linapita vizuri kwenye roli lakini ukilipeleka upande wa visu nyuzi zinatoka zimeshikana. Wengine waliokujibu wanakwambia uipeleke kwa fundi akanoe visu. Usiipeleke! Visu vya mashine hizi havinolewi. Ni roli mbili zenye mifereji zinazoingiliana, na fundi akipitisha tupa humo ndiyo mwisho wake.

Mimi natumia mashine ya Atlas 150 ya kampuni ya Marcato hapa Himbi, mtaa wa Goma (hiyo 150 ni upana wa shuka kwa milimita), nayo pia niliinunua ya okazio, yaani iliyokwisha tumika. Dalili zake ni mbili tu. Nyuzi zikitoka zimeshikana, unga una maji mengi. Visu vikizunguka bure bila kushika shuka, unga umekauka mno. Yako ni ile ya kwanza.

Tatizo ni kwamba mikono yetu imelelewa na chapati na mandazi. Unga wa chapati tunautaka laini, uvutike. Huu wa mashine, ukianza kuukanda, unakuwa mgumu, una nyufa, unakatikakatika, na yeyote anayepita jikoni atakushauri uongeze maji. Mkatalie. Endelea kukanda kwa kiganja dakika kumi hivi, kisha ufunike na bakuli au uuvike sachet (mfuko wa plastiki) upumzike nusu saa. Ukirudi utaukuta umelainika wenyewe, maana unyevu umeshaenea.

Kipimo cha Waitaliano wa kule Emilia-Romagna ni yai moja kwa gramu 100 za unga. Ila hilo yai ni la ukubwa gani? Ya kuku wetu wa kienyeji ni madogo, ya kuku wa kisasa makubwa, na ukihesabu mayai badala ya kuyapima, leo utapata unga mkavu na kesho uji. Yavunje kwenye kikombe, uyapime: karibu gramu 55 za yai kwa gramu 100 za unga. Huna mizani? Anza na mayai, ongeza unga kidogo kidogo mpaka uache kunata mkononi, halafu ongeza konzi nyingine. Unga wa ngano mweupe wa kawaida unatosha, mradi usiwe ule uliochanganywa tayari na hamira.

Umesema pia mzee nyumbani analalamika kwamba hazina ule ugumu wa spageti za pakiti. Hazitakuwa nao, mwambie asisubiri. Zile za pakiti zinatengenezwa kwa ngano ngumu na maji tu, zikakaushwa kiwandani. Italia waliliweka hilo hata kwenye sheria mwaka 1967. Zako ni za mayai na ngano laini. Ni chakula kingine.

Kwenye mashine, kata unga vipande, ubonyeze kimoja kwa kiganja na vingine vibaki vimefunikwa. Anza na nafasi pana kuliko zote. Kwenye Atlas hiyo ni 0, lakini kuna mashine zinazohesabu kinyume, kwa hiyo angalia nafasi kati ya roli, usiamini namba. Pitisha, kunja mara tatu, nyunyiza unga kidogo, pitisha tena, mara tano sita mpaka shuka liwe laini na kingo zinyooke. Baada ya hapo punguza nafasi ya roli namba moja moja bila kuruka. Kwa nyuzi pana mimi nasimama kwenye 6.

Sasa hapa ndipo wengi wanaharakisha. Usikate papo hapo. Lilaze shuka juu ya kitambaa chenye unga, dakika kumi au zaidi wakati wa mvua, dakika chache tu mwezi wa saba, wakati wa kiangazi. Liguse kwa mgongo wa mkono: linapaswa kuwa kavu kama ngozi, lakini ukilikunja lisipasuke. Angalia kingo hasa, ndizo zinazotangulia kukauka. Zikianza kuwa nyeupe na kukunjamana, umechelewa, kata haraka. Urefu wa sentimita 30 unatosha, ukizidi hapo unahitaji mtu wa kupokea. Watoto wanagombania kuzungusha mkono wa mashine, wape, wewe upokee.

Kama meza yako ni ya mbao nene, kile kibano cha kushikiza mashine hakitaingia. Tumia benchi lenye ubao mwembamba, ukaze kweli.

Maji uyaweke kwenye mbabula (jiko la makaa) kabla hujaanza kusukuma, makala hayana haraka. Lita moja kwa kila gramu 100, chumvi gramu 10 kwa lita. Hapa Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo ukisoma mahali «dakika mbili» ongeza moja, kisha uonje. Mimi nakula na nyanya na sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) waliokaangwa wakakauka, na fromaji (jibini) ya Masisi iliyokomaa kidogo. Ile mbichi haikwanguliki vizuri, inafanya madonge.

Na tafadhali, mashine isiguse maji. Chuma cha ndani kinashika kutu, na unga uliolowa unageuka gundi. Acha mabaki yakauke, uyapige na brashi kavu na kijiti, uifunike kwa sababu ya vumbi letu hili la lava. Ikilia, tone la mafuta ya vazelini (yale ya majimaji) kwenye ncha za roli. Si mafuta ya pikipiki, hata fundi akikuapia, na ya kupikia nayo yanaganda humo ndani. Kwa kuwa yako ni ya okazio, pitisha kwanza kipande cha unga mara kadhaa, ukitupe; utaona rangi kinayotoka nayo.