Wifi yako hajamharibu mdogo wako

*Shikamoo Bi Mkubwa. Naishi Leicester na mdogo wangu wa kiume, miaka 24. Tangu utotoni ni mzito wa kuelewa na husoma kwa shida. Mama alipofariki nilimchukua mimi. Siku mbili kwa wiki hupanda basi peke yake kwenda kujitolea kwenye duka la mitumba. Tangu mwaka jana anavaa madera, anajipaka wanja na anataka aitwe kwa jina la marehemu bibi yetu. Nimegundua anaharibiwa na mke wa kaka yangu, aliyeolewa miaka mitatu iliyopita. Kila Jumamosi akienda kwao huachiwa avae atakavyo. Nilimuuliza, "Si wifi ndiye aliyekufundisha?" Akajibu ndiyo. Alipokuwa mdogo alikuwa akijifunga khanga za mama, tukacheka yakaisha. Mimi nampenda, ila hana akili ya kujiamulia na watu watamdhuru. Dera nimelitia kwenye pipa la taka, kalitoa kalifua. Sasa wanataka ahamie kwao, na hapo hata posho yangu ya mlezi itakatika. Nimfanyeje huyu wifi? — Dada Mkubwa*

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa kulea mtu mzima ughaibuni. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako kila nikiirudia wifi yako anazidi kutoka msafi.

Unasema kafundishwa na wifi. Halafu kwa mkono wako unaandika kwamba tangu utotoni alikuwa akijifunga khanga za mama yenu. Wakati huo wifi alikuwa wapi? Hata posa ilikuwa haijapelekwa. Yale mliyoyacheka hayakuisha. Mdogo wako ndiye aliyejua kuyaficha.

Na huo ushahidi wako wa "ndiyo"! Hukumuuliza swali, umemtilia jibu mdomoni. Wengi wenye shida ya kuelewa wamezoea tangu shuleni kuitikia ndiyo ili mkubwa asikasirike na maswali yaishe. Kesho muulize, "Si mimi ndiye niliyekufundisha?" Usishangae naye akikujibu ndiyo. Ukitaka kujua kweli, weka picha zake mbili mezani, moja kavaa suruali, nyingine kavaa dera. Muulize, "Ukivaa hii unajisikiaje?" Kisha nyamaza. Usimmalizie sentensi, usimkunjie uso. Rudia wiki nyingine, siku ambayo hamkugombana, uone kama jibu ni lile lile.

Eti hana akili ya kujiamulia. Anajua basi lake, anajua siku zake za dukani, na alijua kulitoa dera kwenye taka akalifua. Mtu asiyejua atakalo hahangaiki hivyo. Tena hapo England sheria ya mwaka 2005 ya uwezo wa kuamua haiko upande wako. Mtu wa miaka 16 na kuendelea huhesabiwa anaweza kuamua mpaka ithibitike kwamba hawezi, na huangaliwa jambo moja moja. Lazima kwanza asaidiwe kwa kila njia inayowezekana. Uamuzi usiokupendeza wewe si ushahidi kwamba hana uwezo. Mkataba wa nyumba unaweza kumshinda, na bado akajua vizuri kabisa anataka kuitwa nani.

Sasa hili ulilolipitisha mwishoni kama vile si kitu. Posho ya mlezi hulipwa anayemhudumia mtu saa 35 au zaidi kwa wiki, kwa hiyo akihama na usimhudumie tena saa hizo, itakatika kweli. Kuhofia kodi ya nyumba si dhambi. Ila usiivishe hofu ya kodi joho la maadili.

Hofu yako ya mtaani naikubali. Mpange pamoja naye: avae wapi, apande basi lipi, akisumbuliwa ampigie nani. Na uwe macho na watu wa kwenye simu. Anayemwita mrembo leo na kesho kumwomba hela, huyo ndiye wa kumwogopa.

Msaada hapo ulipo upo. Kwa daktari wenu, mwenye hali yake aliye kwenye orodha yao ya wenye shida ya kuelewa hupimwa afya kila mwaka tangu miaka 14. Hakikisha yumo, na siku hiyo aseme mwenyewe yaliyo moyoni. Aombe miadi ndefu na maelezo ya maneno mepesi yenye picha. Sheria ya usawa ya mwaka 2010 inamlinda kwa ulemavu wake, na humlinda pia mtu anayebadili jinsia. Halmashauri ikija kutathmini mahitaji yake, akishindwa kufuatilia na hana ndugu anayefaa kumsemea, ana haki ya kupewa mtetezi asiye wa familia. Nawe kwa sasa, samahani, hufai kumsemea. Akitaka kliniki ya mambo ya jinsia, foleni yake ni ya miaka. Dera halina foleni.

Halafu nyinyi mawifi! Ndoa za siku hizi zinanichosha. Mwanamke kafanya kazi wiki nzima, Jumamosi moja aliyobakiwa nayo anampikia na kumsikiliza ndugu wa mumewe, mume mwenyewe yuko kwenye mpira. Likizuka jambo, mharibifu ni yeye. Mbona hukuniandikia, "Kaka yangu anamharibu mdogo wetu"? Nyumba si yake? Dera halioni? Mnataka mke abebe ukoo mzima, ila asiwe na neno ndani ya ukoo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Jumamosi za huyo dada hujazilalia hata moja.

Mpigie wifi yako leo. Usianze na lawama. Muulize jinsi mdogo wako anavyokuwa akiwa kwao, na umwache amalize. Kisha umpeleke mdogo wako Belgrave Road, kitambaa kimejaa huko, ukamshoneshee dera jipya. Rangi achague mwenyewe, hata kama ni ile usiyoipenda.